Dema la Ndege

Mama alinyamaza siku ya tatu baada ya kutoka eda. Mwezi wa pili wa ukimya wake nikaenda soko la Darajani kununua mtama.

Nnajua mambo hayo mawili hayafuatani. Kaka yangu aliyeko Maskati aliniambia hivyo hivyo kwenye simu: "Dada, mama hasemi, wewe unanunua chakula cha ndege?" Nikamjibu kwamba kati yetu sisi wawili anayeishi na mama ni mimi, na anayeishi na ndege pia ni mimi, kwa hiyo aniachie. Akaniachia kwa dakika kama tano, kisha akaleta ujumbe mwingine wa sauti.

Baba alifariki, Mungu amrehemu, na mama akakaa eda miezi minne na siku kumi kama dini ilivyoamrisha. Alikaa vizuri. Nasema vizuri kwa sababu nimewaona wajane wa mtaa huu wanavyokaa, simu sikioni, wanajua habari za mji kuliko wachuuzi. Mama alikaa chumbani kwake darini, ghorofa ya juu, na nguo zake nyeupe na tasbihi yake, na kazi yake kubwa ilikuwa kunisema mimi. Chai yangu maji. Wali wangu bokoboko. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimeachwa mara mbili, mara ya pili kwa ridhaa yangu, na niliporudi nyumbani nilikuwa mtu mzima wa kutosha kutosemwa. Nilisemwa. Eda ilipokwisha wanawake wa mtaa wakaja, akaogeshwa, akatiwa hina, akafukizwa udi, watu wakala pilau wakaenda zao. Kesho yake akazungumza kama kawaida. Siku ya tatu nikampelekea chai, akaipokea, akainywa yote, na hakusema kwamba ni maji.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Sikudhani amenuna. Kununa kwa mama nakujua tangu utotoni, kuna milango inayobamizwa. Huku kulikuwa kimya kitupu. Nikimuuliza kitu anatikisa kichwa au anaonyesha kwa kidole. Kusali anasali, midomo inakwenda, sauti haitoki. Nikampeleka kwa daktari. Daktari akamwambia anyanyue mikono, akanyanyua. Atoe ulimi, akautoa. Atabasamu, akatabasamu kumridhisha. Daktari akasema kila kitu kizima. Nikamuuliza, kizima mbona hakifanyi kazi? Akaniambia tuvute subira. Nikamleta mwalimu wa chuo cha Kurani, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa marashi, na mama akalinywa lile kombe siku saba. Siku ya saba akafuta mdomo, akanirudishia kikombe. Ahsante hakuna.

Kilichoniuma zaidi ilikuwa shikamoo. Jirani yetu wa ukuta wa nyuma ni fundi seremala. Babu yake alikuja kutoka bara kuchuma karafuu, na yeye huchonga milango ya mahoteli. Paa lake linatazamana na dirisha la mama, na kila asubuhi akipanda kuanika mbao humwamkia: "Shikamoo, Bi Mkubwa!" Miaka yote mama alikuwa akimwitikia "Marahaba" ndefu yenye nyongeza, ya mke wake, ya mgongo wake, ya vumbi lake linaloingia katika maji yetu. Sasa akimwamkia, mama anamtazama tu. Kutoitikia shikamoo hapa kwetu ni jambo la watu waliogombana kwa urithi. Fundi akanivizia mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, Bi Mkubwa nimemkosea nini?" Nikamwambia hajamkosea kitu, mama hasemi na mtu yeyote. Akashusha pumzi, moyo wake ukatulia. Wangu ukazidi kuuma.

Basi asubuhi moja shore akatua kwenye mkomamanga wetu uani. Shore ni ndege mdogo wa kichwa cheusi, ana kishungi na manjano kidogo chini ya mkia, na sauti yake inapanda na kushuka kama mtu anayebishana bei. Mama alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Shore akaimba. Mama akageuza kichwa, na midomo yake ikachezacheza. Niliona kwa macho yangu, nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Ikacheza tena. Nilisomesha sayansi darasa la tano miaka ishirini na sita, na kila mwaka niliwaambia watoto kwamba kuona jambo mara moja si ushahidi. Nikalitua sinia chini nikasema moyoni, dawa ni ndege.

Tatizo la ndege wadogo Mji Mkongwe lina jina, nalo ni kunguru. Wetu ni wale wembamba wa shingo ya kijivu, ambao wazee husema waliletwa zamani kutoka Bara Hindi ili wale takataka za mji. Takataka wakala. Kisha wakala mayai ya shomoro, makinda ya chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, na sabuni. Wallahi, sabuni. Ukiacha kipande bafuni na dirisha liko wazi, ukirudi hukikuti. Hata dini imewataja katika viumbe ambao mtu haandikiwi dhambi kwa kuwaua, lakini mimi kuua siwezi. Hata kuku wa kuchinja huwa nnamwita mtu.

Siku ya kwanza nilitia mtama ndani ya kifuu, nikakifunga kwa kamba kwenye tawi la mkomamanga, na pembeni nikatundika nusu papai kwa ajili ya shore. Sijashuka kwenye kigoda, kunguru hao. Wa kwanza alichukua papai, nusu nzima, sijui alilibebaje. Wa pili alikipindua kifuu. Wa tatu hakufanya kitu, alitua ukutani akanitazama, kama mkaguzi aliyetumwa na wizara. Njiwa wakaja kuokota kilichomwagika, wanene, hawana haraka. Saa nne akaja shomoro mmoja, akaangalia hali ilivyo, akaenda zake. Darini mama alikuwa kiti kile kile, mikono mapajani, mdomo umefungwa.

Nilipigana nao wiki mbili. Nilitundika sahani za muziki za zamani zing'ae ziwatishe, wakazichezea. Nilikaa uani na ufagio, wakangoja nikaenda kusali. Nilijaribu kuweka chakula kabla ya jua kuchomoza ili ndege wadogo wawahi, kumbe kunguru alfajiri yao ni ya mapema kuliko yangu. Watu husema dua la kuku halimpati mwewe. La mwalimu mstaafu nalo halimpati kunguru, nimelijaribu.

Ndipo nikafanya jambo ambalo naona haya nalo mpaka leo. Nguo za baba tulikwisha kuzitoa sadaka, kama desturi, lakini kanzu moja niliibakisha ndani ya kasha langu. Sikumwambia mtu. Niliibakisha kwa sababu ilikuwa na harufu yake. Nikachukua ufagio na mti wa kuanikia nguo, nikaufunga msalaba, nikauvisha ile kanzu, na juu nikatia kofia. Nikausimamisha uani mikono imetanda. Kunguru wote wakaruka. Hawakurudi karibu saa nzima, na mimi nikasimama pale nimeshika kiuno, najisifu. Kisha nikanyanyua macho. Mama alikuwa dirishani, anamtazama mumewe aliyekufa amesimama chini ya mkomamanga.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeshukuru. Alilivuta bawa la dirisha polepole mpaka likafunga. Nikaivua ile kanzu, nikaingia jikoni nikalia na mlango nimeufunga kwa komeo. Nilipotoka kunguru walikuwa wamesharudi.

Fundi aliyaona yote hayo kutoka paani kwake, na kwa adabu yake alingoja siku mbili ndipo akanipigia hodi. Akasema, "Mwalimu, kunguru hafukuzwi, hupimwa. Yeye mkubwa, ndege wako wadogo. Chakula kiweke ndani ya kitu chenye matundu, mdogo apite, mkubwa abaki nje." Nikamtazama. Miaka ishirini na sita ya sayansi, na jambo hilo naambiwa na seremala. Akaahidi kunitengenezea kitu chenyewe, keshokutwa. Keshokutwa ya fundi kila mtu Unguja anaijua. Kulikuwa na mlango wa hoteli, kisha kulikuwa na mlango mwingine wa hoteli hiyo hiyo, kwa sababu wa kwanza hawakuupenda misumari.

Wakati nnaingoja keshokutwa hiyo, mwezi wa pili sasa, nikaalikwa harusi Uroa, pwani ya mashariki, kwa mwalimu mwenzangu wa zamani aliyekuwa akimwoza binti yake. Nikamlipa jirani mmoja ashinde na mama, nikaenda. Nyuma ya nyumba, nilikokwenda kunawa mikono, nikaliona dema la zamani limeegemezwa ukutani. Dema ni mtego wa samaki, limesukwa kwa fito nyembamba, pana kama meza, na mwili wake wote ni matundu ya pembe sita. Nikalitia kidole kwenye tundu. Nikapima kwa macho. Shomoro anapita. Chozi anapita. Kunguru hapiti hata akifunga mwezi mzima.

Mwenye dema alikuwa mvuvi, ami yake bibi harusi. Nikamwomba aniuzie. Akaniuliza la nini, nikamwambia la ndege. Akanitazama vizuri, akatazama na ile nguo yangu ya harusi, kisha akasema, "Lichukue bure, mwalimu. Bahari yenu ya mjini mimi siijui." Hakunieleza kitu juu ya dema, na mimi sikumuuliza. Mtu wa mjini haulizi, huona haya. Mtu wa pwani haelezi, hudhani hakuna asiyejua. Nikarudi mjini na dema juu ya gari la harusi, na kila tuliposimama watu wakauliza bwana harusi ni mvuvi?

Dema lina mdomo mmoja mkubwa ubavuni, mpana kwa nje, unabana kadiri unavyoingia ndani. Mimi nikauona ni mlango, tena mlango mzuri, wa kutilia chakula. Fundi alinisaidia kulitundika kwenye boriti lililokuwa likishikilia kibanda cha kuku. Matundu machache niliyapanua kwa kisu, kiasi cha shore kupita. Nikaingiza mkono kwa ule mdomo, nikaweka mtama, wali mkavu, papai katikati kabisa, na kisahani cha maji. Kisha nikaenda darini nikakigeuza kiti cha mama kidogo ili aone vizuri, nikamwekea mto mgongoni, nikamfunika miguu.

Kunguru walikuja, wakalitazama dema, wakalizunguka. Hawakuligusa. Walijipanga ukutani wanalijadili kwa macho, siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na mimi nikasema alhamdulillahi, bora waoga. Ndege wadogo hawakujadili. Siku ya tatu shomoro wakaingia, wakafuatiwa na mnana, makundi madogo madogo ya rangi ya udongo yanayogombania punje moja na kuacha mia. Chozi hakutaka mtama wangu, lakini aliona wenziwe wako salama akaja kunyonya maua ya mkomamanga, anang'aa kijani. Mwisho akaja shore, akaingia kwa tundu nililompanulia, akala papai, akatoka akatua juu ya dema akaimba. Siku ya pili akaja na mkewe, au mumewe, sikuweza kujua.

Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Uani kwetu kulikuwa na ndege wanaoimba kuanzia alfajiri mpaka jua kali. Fundi aliacha randa akasikiliza. Watalii waliopotea njia walisimama uchochoroni wakanyoosha simu juu. Kaka yangu nikamrekodia, akasema mashallah, akaniuliza mama kasema nini.

Mama hakusema kitu.

Nikangoja wiki. Nikangoja wiki mbili. Kila asubuhi nnaketi karibu yake, shore anaimba, miye nnaitazama midomo yake. Haichezi. Akasikiliza, nnajua alisikiliza, masikio yake ni mazima kuliko yangu. Lakini uso ulikuwa uso wa mtu anayengoja zamu yake mahala ambapo hawaiti majina. Asubuhi moja uvumilivu ukanishinda nikamwambia, "Mama, sema chochote. Nitukane." Akanipapasa mkono akageuka dirishani. Nilishuka chini nikaona kila kitu nilichofanya ni upuuzi, mtama upuuzi, dema upuuzi, na kwamba mama yangu atakufa bila ya mimi kumsikia tena, na neno lake la mwisho kwangu silikumbuki. Hilo la kutolikumbuka lilinitesa. Nilikaa ngazini nalitafuta na sikulipata.

Jumatano moja, asubuhi, niko jikoni nakuna nazi, nikasikia kishindo uani. Nikatoka na mbuzi ya kukunia nazi mkononi. Ndani ya dema alikuwamo kunguru.

Sikuelewa kwanza. Nilitazama matundu, yote mazima. Kisha nikautazama ule mdomo mkubwa, mlango wangu mzuri, na nikafahamu, nikiwa na umri wa miaka sitini na moja, mzaliwa wa kisiwani, kazi ya mdomo wa dema. Kiumbe huingia kwa upana na hukuta kwa kutokea ni pembamba. Samaki wote wanajua jambo hilo, kwa kuchelewa. Wale kunguru hawakuwa waoga. Walikuwa wakitafuta mlango, na mwenzao mmoja aliupata.

Alijipigapiga humo ndani, mtama ukaruka, kisahani kikapinduka, papai likamganda kifuani. Akalia mara moja. Moja tu. Basi nadhani kunguru wote wa Unguja walipelekewa salamu za msiba. Walikuja wa Malindi, walikuja wa Vuga, walikuja wa Mkunazini. Walitanda juu ya kuta, paa la fundi, kamba za nguo, mkomamanga wote ukawa mweusi. Ndege wangu wadogo sikumwona hata mmoja. Na wote wale kwa pamoja, kwa sauti moja, wakawa wanasema neno lile moja wanalolijua:

"Kaa! Kaa! Kaa! Kaa!"

Nikachukua ufagio, nikauingiza kwa mdomo wa dema nijaribu kumsukuma atoke. Akaushika ufagio kwa mdomo. Kelele zikazidi.

"Kaa! Kaa! Kaa!"

"Nshakaa!"

Nikadhani ni jirani. Nikaendelea na ufagio.

"Kaa! Kaa!"

"Nshakaa, nyie! Nshakaa miye! Miezi minne na siku kumi, sikupunguza hata moja! Mnataka nikae mpaka lini?"

Ufagio ukaniponyoka. Mama alikuwa amesimama dirishani, amesimama wima, mikono yote miwili imekikamata kizingiti, kitambaa cha kichwa kimemwanguka, na anawafokea kunguru. Sauti ilikuwa na kutu lakini ilikuwa yake. "Ile nilimkalia mume wangu, nimemaliza, Mungu shahidi! Hii ya sasa nnamkalia nani?"

Kunguru wakasema kaa.

"Nimekataa!" mama akasema, akatoweka dirishani.

Nikasikia ngazi. Hajashuka ngazi zile tangu baba alipofariki, ila siku ya kwenda kwa daktari, na siku ile mimi nilimshika mkono huu na jirani mkono ule. Nikakimbia kwenda kumpokea, nikamkuta yuko kipandio cha chini, ananisogeza kwa kiwiko. Akaenda moja kwa moja kwenye dema. Kunguru wakatuzunguka vichwani.

"Nani kakwambia kitu hutolewa demani kwa mdomo?" akaniuliza. "Ungekuwa samaki ungekufa mjinga." Akapapasa upande wa nyuma, akakuta mahala pamefungwa kamba, fundo ambalo mimi nilidhani ni kiraka. Akalifungua kwa kucha. Kumbe yule mvuvi na mama wote wanajua, kila aliyekulia karibu na maji anajua: nyuma ya dema kuna kijimlango, na ndimo samaki wanamotolewa. Ubavu ukafunguka. Kunguru akatoka, akasimama chini, akatutazama mmoja mmoja, akarudi ndani kuchukua kipande cha papai, akaruka.

Wengine wakamfuata. Uani kukawa kimya mpaka nikasikia maji yanadondoka kutoka kwenye kisahani.

Juu ya paa fundi alikuwa amesimama na ubao begani, mdomo wazi. "Shikamoo, Bi Mkubwa," akasema, kama anayejaribu ngazi kabla ya kuikanyaga.

"Marahaba. Vumbi lako lile linaingia katika pipa letu miezi mitano hii, usidhani sikuliona."

Nililia. Sikujificha jikoni, nililia pale pale uani mbele ya fundi, na mkono mmoja bado nimeshika mbuzi ya nazi. Mama aliniacha nikalia mpaka nikamaliza. Kisha nikamuuliza kile nilichotaka kukiuliza muda wote. Nikamwambia, siku ile shore alipoimba mara ya kwanza, midomo yako ilicheza, ulitaka kumwambia nini?

Akafikiri. "Siku ile tulikula samaki, changu?"

"Labda."

"Basi nilikuwa nnatoa mwiba menoni."

Nilikaa juu ya kigoda. Yeye akabaki amesimama, na maneno yakaanza kumtoka polepole, hakupaza sauti tena. Akasema, kesho yake nilipotoka eda nilikwambia nnataka kwenda Kidichi kwa shoga yangu. Ukanambia kaa mama, jua kali. Nikakwambia basi nende sokoni, ukanambia kaa, nitakwenda mimi. Nikasema basi nishuke japo uani, ukanambia kaa, ngazi zinateleza. Na yule wa Maskati kwenye simu, mama akae, mama apumzike. Mnanipenda, nnajua. Nikaona nikisema nnakaa, na nikinyamaza nnakaa. Afadhali ninyamaze, mdomo nao upumzike.

Na ilikuwa kweli. Alipokuwa akisema nililikumbuka kila moja, jua, soko, ngazi. Nililikumbuka na neno lake la mwisho ambalo nililitafuta usiku na mchana nisilione. Lilikuwa "Haya." Nilimwambia ngazi zinateleza, akasema haya, na mimi nikafurahi kwamba siku hizi mama amekuwa msikivu.

Nikamwambia, "Nisamehe, mama."

"Nshakusamehe. Buibui langu liko wapi?"

Nikaleta buibui. Nikaleta na viatu, nikataka kumvisha, akavichukua akavivaa mwenyewe ameegemea ukuta, ikachukua muda mrefu na mikono yangu ilikuwa ikiniwasha. Fundi akasema atashuka barabarani amtafutie gari la kukodi, dereva anayemjua, asiyekwenda mbio. Mama akamwambia aende mbio tu, yeye amechelewa Kidichi miezi mitano. Mimi nikaingia ndani mbio, nikavaa buibui langu juu ya nguo ya jikoni, nikachukua mkoba, chupa ya maji, dawa zake za presha, mwavuli. Nilipofika mlangoni yeye ameshatoka nje, yuko uchochoroni, amejishika na ukuta kwa mkono mmoja.

"Nnakwenda na wewe," nikamwambia.

Akanitazama, mkoba, chupa, mwavuli. Akachukua dawa peke yake, akazitia mfukoni.

"Wewe kaa," akasema.

Nikavisikiliza viatu vyake mpaka vikapinda kona. Nikarudi ndani, nikakaa. Mpaka inaadhiniwa adhuhuri nilikuwa sijasema neno na mtu.